Mtihani wa Shangazi kwenye Lami ya Ndege

Mimi nafundisha watu kuendesha gari kwenye njia ya ndege za jeshi, na sitaki mtu anicheke. Ndege zenyewe ziliondoka miaka kumi na tisa iliyopita, wanajeshi nao wakafungasha virago, lami ikabaki: ndefu, pana, haina mwenyewe. Kwanza watu wakaanika mahindi. Kisha vijana wakafanya mashindano ya baiskeli, wanasiasa mikutano, maharusi picha. Mnara wa kuongozea ndege sasa una saluni chini na njiwa juu. Banda kubwa la ndege ni shule ya chekechea, na watoto wakiimba humo, mwangwi wake unakuchekesha hata kama umeamka na kisirani. Mimi huamka nacho mara nyingi, kwa hiyo nawashukuru.

Kitu kimoja hakijabadilika. Enzi za jeshi, raia walioajiriwa hapo walipangwa mstari kila asubuhi, wakafagia lami na kuokota kila kokoto na kila msumari, maana injini ya ndege ikimeza hata kijiwe kimoja inaharibika. Jeshi lilikwenda na ndege zake, tabia likatuachia. Mpaka leo hakuna mtu wa hapa anayevuka lami akaona chuma akakiacha. Nimemwona bibi harusi akiinama na shela lake, akaokota nati, akampa bwana harusi aishike, picha zikaendelea.

Shangazi yangu aliuongoza mstari huo miaka ishirini na miwili. Sasa ana miaka sitini, na mwezi uliopita mwalimu mkuu wa chekechea alimwahidi kazi ya kuendesha basi dogo la shule. Sharti lilikuwa leseni. Alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili, na ukifeli mara ya tatu unasubiri mwaka mzima. Kazi isingemsubiri mwaka.

Kilichomshinda ni kusimama. Kwenda, anakwenda vizuri tu. Lakini lami pana vile, mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu, ukimwambia asimame anakanyaga breki kama anaua nge, palepale katikati, bila kutazama kioo, bila taa ya ishara. Nimemfokea mpaka sauti ikanikauka.

"Wewe mtoto, nimekubadilisha nepi mimi," alinijibu siku moja. "Nifokee kwa adabu."

Mtahini wetu tunamwita Bwana Hapana, na jina hakulipata bure. Siku ya mtihani alikaa mbele na karatasi zake, mimi nyuma, roho mkononi. Shangazi akawasha gari. Klachi safi, gia safi. Tukaenda hadi mwisho wa lami, tukageuza, nikaanza kupumua.

Mara gari likapunguza mwendo. Bwana Hapana hakuwa amesema neno. Shangazi akaangalia kioo, akawasha taa ya ishara, akasogea pembeni taratibu, akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akageuka kutazama nyuma, akafungua mlango. Akashuka! Akatembea hatua kumi, akainama, akaokota bolti, akaitia mfukoni, akarudi na kufunga mkanda.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kazi ndiyo hiyo imekwenda, na ya kwangu huenda inaifuata.

"Mama," alisema Bwana Hapana, "nani amekuambia usimame?"

"Hakuna."

"Sasa umesimama kwa nini?"

"Kuna chuma njiani, mwanangu."

"Ndege ya mwisho iliruka hapa miaka kumi na tisa iliyopita."

"Najua. Ni mimi niliyeifagilia."

Bwana Hapana aliandika, akaandika tena. Halafu akamwonyesha Shangazi karatasi, nami nikachungulia kwa nyuma. Sehemu nzima ya kusimama ilikuwa imejaa alama za vema, kuanzia kioo mpaka mlango.

"Nilikuwa nimebakiza kukuamuru usimame," alisema. "Umeniokolea muda. Umepita."

Nilipiga kigelegele ndani ya gari mpaka mtahini akaziba masikio. Shangazi alishika usukani kwa mikono miwili, akiitazama ile karatasi kana kwamba itabadili mawazo.

Tulimshusha Bwana Hapana kwenye mnara. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa banda, na aliponiona nimetoa dole gumba dirishani alipiga makofi, watoto wakatoka mbio wakiruka na kupiga kelele bila hata kujua sababu. Mimi nikahamia kiti cha mbele. Shangazi akawapungia mkono, akaondoa gari, tukaishika lami yote mpaka kule mwisho ambako wanafunzi wangu wote hugeuza.

Hakugeuza. Alielekea geti lililobaki bila mlango, na ng'ambo yake barabara kuu, malori yakipita.

"Shangazi, geuza. Hapa ndio mwisho."

"Mwisho wa nani?" Hakuondoa macho barabarani. "Miaka ishirini na miwili nimewafagilia watu njia waende zao, asubuhi nawatazama mpaka wanapotelea mawinguni, halafu narudi nyumbani kwa miguu. Leo naenda mimi."

"Kwenda wapi?"

"Nitajua nikifika."

Akasubiri lori lipite, akaingia barabarani. Mimi nimefundisha watu zaidi ya mia nne na sijawahi kumlilia hata mmoja, lakini hapo machozi ya furaha yalinibubujika, kamasi juu. Shangazi akaniambia ninyamaze, anaendesha.