Sura Iliyoganda Kwenye Kioo

Kwa miaka kumi na miwili nimewaambia wateja neno moja, tena kwa sauti ya mtu aliyelivumbua mwenyewe: kioo cha simu hakigandi picha. Hayo yalikuwa maradhi ya televisheni za zamani, zile zenye kisogo. Mteja akija na kivuli kwenye kioo, namwambia afute mafuta ya mashavu yake, na mara nyingi huwa ni mafuta kweli. Ndiyo maana niliota kiburi.

Asubuhi hiyo mshonaji wa mtaa wa pili aliingia kibandani kwangu akimburuta mumewe, seremala, kwa mkono wa shati. Mke wangu, ambaye huuza kava na chaji kwenye meza ya mbele, alivuta kiti kuwapisha.

"Fundi," mshonaji akasema, "nataka jibu moja tu. Kioo cha simu kinaweza kubaki na picha ya mtu, hata picha yenyewe haipo?"

"Hakiwezi," nikasema, bila hata kuinua macho.

"Umesikia?" Akamgeukia mumewe. "Nguo zangu nimeshafunga. Cherehani watakuja kuichukua mchana, naenda kwa mama. Wewe baki na huyo mwanamke wako wa ndani ya simu."

"Fundi," seremala akasema taratibu, "umenimaliza."

Kumbe jana yake mshonaji aliazima simu ya mumewe aangalie mtindo wa gauni. Ukurasa ulipokawia kufunguka, kioo kikiwa cheupe, akaona mwanamke anamcheka. Akafuta kioo kwa upindo wa kanga, mwanamke yupo. Akazima simu, akawasha, yupo. Seremala akaapa kwamba ni kioo tu kimeharibika. Mkewe akamuuliza ni uharibifu gani huo unaovaa hereni.

Nikaomba simu, nikijiandaa kuwahubiria habari za mafuta ya mashavu. Nikafungua picha ya rangi ya kijivu tupu, kwa sababu kwenye kijivu kioo hakina pa kuficha aibu zake. Mwanamke akajitokeza, hafifu lakini kamili: kilemba, hereni za duara, shavu la kushoto limeingia kishimo kwa kicheko. Shavu hilo nalijua, nalala nalo kitanda kimoja.

Na simu yenyewe nikaitambua. Miezi kumi mizima ilikaa kwenye kabati langu la vioo, mwanga umewekwa mpaka mwisho, nimeikataza isilale toka nafungua mpaka nafunga, maana simu inayowaka huita wateja na iliyozima huita vumbi. Picha niliyoiweka ilikuwa ya mke wangu. Baadaye nikaifuta, nikabandika karatasi mpya ya kukinga kioo, nikaurudishia mkanda wa boksi kwa gundi, nikamwuzia seremala nikimwambia ni mpya, yeye ndiye wa kwanza kuigusa.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, nyumba ya watu inavunjika mchana huu, na cherehani juu. Nikisema, mtaa mzima utajua kwamba fundi anauza simu za kabatini kama mpya, tena kwamba hajui kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili. Nakiri bila haya kwamba nilianza kulipima jambo hilo, na mizani haikuelemea upande wa seremala.

"Mbona umetoa macho?" mshonaji akauliza. Akaninyang'anya simu, akaitazama, akamtazama mke wangu, akaitazama tena. "Ala! Si huyu hapa!"

Mke wangu akasimama na kava tatu mkononi. "Mimi nani?"

"Wewe! Hereni hizo hizo! Kumbe mwizi wangu ananiuzia chaji!"

Seremala akakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la nyaya. Mshonaji akaanza kuvua viatu, na mwanamke akivua viatu asubuhi hajiandai kuswali. Hapo ndipo ulimi ukanitoka wenyewe.

"Kinaweza!" nikapiga kelele. "Kioo kinaweza! Vioo hivi vya kisasa vimejaa vijitaa vidogo mno, kila kimoja kinajiwakia chenyewe. Ukiviwasha na picha moja miezi kumi, vilivyofanya kazi sana vinachoka kabla ya wenzao, na uchovu wao ndio hiyo sura. Niliviwasha mimi. Ilikuwa simu ya kabatini."



"Wewe uliniambia mpya," seremala akasema kutoka chini.

"Nilikuambia mpya."

"Na mimi umeniambia hakiwezi," mshonaji akasema.

"Nilikuambia hakiwezi."

Nilitegemea kiatu. Badala yake alimwinua mumewe, akampangusa vumbi kwa makofi ambayo hayakuwa ya vumbi tu. "Ulikuwa unasema kweli," akamwambia, "lakini wewe ukisema kweli unafanana na mwongo. Twende, tukaizuie ile cherehani." Kwangu akaacha simu na amri ya kioo kipya kabla ya adhuhuri, bure, na tusi moja ambalo nililistahili.

Nilikibandua kile kioo huku nikijihisi nimepona kwa bei rahisi. Mke wangu hakurudi kwenye meza yake. Aliegemea kabati, akaniangalia nikifanya kazi.

"Kumbe ulinipenda hivyo," akasema. "Miezi kumi unaniwasha kutwa."

"Sura yako inavutia watu," nikajibu, nikidhani nimesifu.

"Hebu lete simu yako."

Nikampa. Akabonyeza. Ikawaka pikipiki nyekundu, ambayo si yangu wala ya mtu ninayemjua. Nilikuta tu picha yake mahali. Akaifungua, akatafuta kijivu tupu kama alivyoniona nikifanya, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Alitafuta kwa muda mrefu. Mimi nilisimama na koleo mkononi, nikitamani kwa moyo wangu wote kioo kile kiwe kibovu.

"Safi kabisa," akasema, akanirudishia. "Haina hata doa."