Bima ya Mtu wa Nyuma

Odeke aliwaambia watu kwamba anataka pikipiki kwa ajili ya kazi. Alikuwa mkaguzi wa majosho ya ng'ombe kutoka Malaba mpaka Amukura, na kazi hiyo aliifanya kwa baiskeli ya serikali yenye kengele nzuri na breki mbovu. Mtu mwenye akili timamu anajua kwamba josho halina haraka. Ng'ombe wenyewe hawana haraka nalo. Lakini pikipiki aliyoitaka ilikuwa Triumph ya silinda mbili, mashine ya mashindano ambayo mzungu mmoja wa Kitale aliiuza siku chache kabla ya kurudi kwao, na watu walisema inaweza kukimbia maili mia moja kwa saa. Odeke alipoulizwa maili mia moja ni za nini, alijibu kwamba majosho ni mengi.

Ukweli ni kwamba aliipenda. Aliipenda tangu siku shemeji yake Ekwaro alipoingia nayo Malaba na kuizima mbele ya maduka, na watu wakaendelea kuongea kwa kupayuka kwa sababu masikio yao yalikuwa hayajapata habari kwamba imenyamaza. Odeke aliiota. Mara nyingine alimwota Ekwaro pia, lakini zaidi aliiota pikipiki.

Sasa Ekwaro alikuwa marehemu. Malaba nzima ilikuwa imetabiri kwamba mashine ile itamuua, na wengine walishachagua hata kona. Haikumuua. Mwaka wa mafuriko alipata kazi ya kujenga kingo za mto Nzoia huko Rukala, na kwa kuwa barabara ilikuwa matope matupu, alikataa katakata kuichafua pikipiki yake. Akaiacha nyumbani kwa mama yake, akaenda kwa basi, halafu kwa mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka. Wale waliotabiri hawakumwomba mtu radhi.

Ndivyo pikipiki ilivyobaki kwa Euphrasia, mama yake Ekwaro. Ilisimama ndani ya nyumba yake miaka miwili, imefunikwa blanketi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Na Euphrasia huyo ndiye aliyemzaa Akol, mke wa Odeke. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Kwa Wateso wa Malaba wa siku zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakuangaliana usoni. Hawakukaa chumba kimoja, hawakula pamoja, hawakupeana mikono. Hakukuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilichosha kuliko ugomvi. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kwa miaka sita ya ndoa Odeke alikuwa ameingia karibu vichaka vyote vya Malaba, na alijua vyenye upupu.

Kwa hiyo mapatano yote yalipitia kwa Akol. Alitembea kutoka nyumba hii hadi ile akibeba maneno, bei ikipanda huku na kushuka kule, mpaka siku moja akaketi chini akasema yeye ndiye anayehitaji pikipiki. Mwishowe mama yake akakubali. Odeke akatengeneza kabureta, akabadilisha mafuta, akapangusa kila kilichopangusika, lakini hakuiwasha. Alitaka kuiwasha siku itakapokuwa yake.

Ikabaki bima. Bila bima pikipiki haikuweza kukanyaga barabara, maana askari wa kizuizi walikuwa na macho makali kwa vyombo visivyo na karatasi. Aliyekata bima alikuwa Chande wa Busia, mfanyabiashara wa nguo ambaye pia alikuwa wakala wa kampuni moja ya Nairobi, na alitaka kukiona chombo kwa macho yake na kumwona anayekiuza.

Wakapanda lori la Edris, lililokuwa likipeleka pamba Kisumu. Euphrasia alikaa mbele na dereva. Odeke alikaa juu ya marobota, ameishikilia pikipiki, na kwa kuwa lori lilikuwa na kidirisha kidogo nyuma ya kichwa cha mama mkwe, safari nzima aliiangalia Uganda.

Walipofika Busia, Odeke aliingia dukani peke yake.

"Muuzaji yuko wapi?" akauliza Chande.

"Iko nje. Nyuma ya lori."

"Mwite basi."

"Siwezi, mzee. Ni mama mkwe."

Chande alivua miwani. Alikuwa ameishi Busia miaka mingi na alizijua desturi za kila mtu, ila alipenda zifanyike nje ya duka lake. "Sikiliza, bwana Odeke. Juzi juzi nimeikatia bima pikipiki iliyovushwa mpaka bila mwenyewe kujua. Mwenyewe akaja, akakaa kwenye kiti hicho hicho, akalia. Tangu siku ile sikati bima ya chombo kilichotumika mpaka nimsikie anayeuza na anayenunua wakikubaliana mbele yangu. Mbele yangu wote wawili. Siyo mmoja kwenye kiti hiki na mwingine nyuma ya lori."

"Lakini yeye amekubali. Bibi yangu aliniambia."

"Bibi yako hayupo."

Nje, Edris alishaishusha pikipiki na sasa alikuwa akipiga honi, kwani Kisumu ilikuwa mbali bado. Kama Euphrasia hangesema neno lake mbele ya Chande leo, mashine ingerudi Malaba, na Odeke alijua moyoni kwamba ikirudi chini ya blanketi lile haitatoka tena. Ilimchukua mama yule miaka miwili kukubali mara moja. Mara ya pili haikuwapo.

Aliyewaokoa ni Hadijah, mke wa Chande, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani kama kawaida yake. Kati ya duka na nyumba palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na pazia la khanga. Akamzungusha Euphrasia kwa uani, akamketisha upande wa pili wa pazia, akampa chai. Odeke akageukia ukutani, akakaa akiitazama kalenda. Sasa walikuwa pamoja, na hawakuwa pamoja.

"Haya," akasema Chande. "Mama, unamuuzia huyu bwana pikipiki?"

"Uliza yeye," ikasema sauti ya pazia, "ataenda nayo wapi."

"Bwana Odeke, mama anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie kwa majosho."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie hiyo majosho iko na baiskeli."

Chande akaona bora aendelee na kazi yake. Akatoka na Odeke, wakaisukuma mashine mpaka uani aikague. Akatazama taa, akavuta breki, akabonyeza magurudumu, kisha akaamuru iwashwe. Odeke akapanda, akakanyaga kiki mara moja, ikakohoa. Akakanyaga tena.

Ikanguruma. Kuku wa Hadijah wakapanda juu ya tangi la maji. Odeke alihisi mtetemo ukipanda kutoka miguuni mpaka kwenye meno, na kwa dakika nzima alikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yake hakuwa nayo, jambo ambalo hakuwahi kumwambia Akol. Alipoizima, Hadijah alikuwa amesimama mlangoni.

"Taratibu," akasema. "Huyo mama amemwaga chai yote."

Wakarudi dukani. Odeke aliona haya. Kwa miaka miwili mama yule hakuwa ameisikia sauti ile, na yeye alikuwa amevuta mafuta kama mtu anayewaonyesha wenzake.

"Mama," akasema Chande kwa upole, "tuendelee?"

"Kwanza niambie. Hii bima inalipa nani?"

"Bima ndogo inamlipa mtu atakayegongwa barabarani. Akikatiwa bima kubwa, inalipia na pikipiki ikiharibika."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Huyu anaendesha. Yeye akiharibika?"

Chande akakohoa. "Yeye hapana, mama. Hiyo ni bima ya maisha, na mimi siiuzi."

"Kwa hivyo mtu wa barabara iko na mwenyewe. Chuma iko na mwenyewe. Bwana ya mtoto wangu ndio hana."

Chande, ambaye aliwahi kujibu maswali ya wateja wa kila namna, akaanza kupanga kalamu zake. Odeke alitaka kusema kwamba ataendesha polepole, lakini alijijua.

Ndipo akasikia vipete vya pazia vikiteleza kwenye waya. Akasikia nyayo. Hakukuwa na kichaka ndani ya duka la Chande, kwa hiyo akabandika uso wake kwenye kalenda, pua yake ikiwa katikati ya mwezi wa Agosti.

"Geuka," akasema mama mkwe. Miaka sita, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe.

Akageuka, amefumba macho.

"Fungua."

"Mama, ni vibaya."

"Najua ni vibaya. Fungua."

Akafungua. Alikuwa ametarajia kumwona Akol aliyezeeka. Alimwona Ekwaro. Paji lilikuwa lile lile, na nyusi zilizokaribia kukutana, na mwanya katikati ya meno, na Odeke, aliyekuwa amejizuia siku zote hizo kwa sababu watu wazima hawalii kwa ajili ya mashemeji, alihisi macho yakimjaa machozi. Alimpenda Ekwaro. Alikuwa amejidanganya kwamba ni pikipiki.

Euphrasia alimtazama bila haraka, kipande kwa kipande: paji, mashavu, kidevu, hata kovu dogo chini ya sikio. Alimtazama kama mtu anayekariri.

"Ile asubuhi alienda Rukala," akasema, "nilikuwa napepeta wimbi ya uji. Akasema kwaheri, mimi nikasema haya. Sikuinua kichwa. Wewe nimekuona sasa." Akamgeukia Chande. "Nauza. Yeye ananunua, mimi nauza, wewe umesikia."

Akaweka dole gumba kwenye wino na kuligandamiza mahali alipoonyeshwa. Odeke akatia sahihi. Chande alitazama mbali kwa adabu, halafu akakumbuka jambo.

"Swali moja limebaki. Pikipiki itabeba mtu nyuma? Maana yeye ana bima yake, na inaongeza gharama."

"Hapana," akasema Odeke. "Hakuna mtu wa nyuma."

"Iko," akasema Euphrasia.

Wanaume wote wawili wakamtazama, mmoja akitumia haki yake mpya.

"Lori imeenda Kisumu," akasema. "Mimi nitarudi Malaba na nini?"

Basi lilikuwapo, na kila mtu mle ndani alilijua, pamoja na saa yake ya kuondoka. Hakuna aliyelitaja. Chande akaandika mtu wa nyuma.

Hadijah akaleta gunia tupu. Euphrasia akalikunja mara nne, akalisimamisha kati ya mgongo wa mkwe wake na kifua chake mwenyewe, maana kuonana ni jambo moja na kugusana ni jambo jingine. Akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Wakatoka Busia huku nusu ya soko ikiwa imeacha kuuza.

Odeke aliendesha kama aliyebeba mayai. Alikuwa na mashine yenye nguvu kuliko zote mpakani, na karibu na Alupe alipitwa na mwendesha baiskeli aliyebeba kuku, ambaye alimsalimu kwa heshima. Odeke hakujali. Alikuwa bado anauona ule uso.

Walipopita Alupe, barabara ya murram ikanyooka mbele yao, tupu. Gunia likasogea. Mdomo wa mama mkwe ukafika karibu na sikio lake.

"Kila Jumapili alikuwa ananiambia, mama panda. Mimi nasema nitapanda kesho." Akakaza mikono kwenye mkanda. "Alikuwa anaenda hivi?"

"Hapana, mama."

"Basi ongeza."

Odeke akaongeza. Upepo ukaanza kuwapiga, miti ya kando ya barabara ikaanza kukimbia, na nyuma yake Euphrasia akafungua kinywa akalia. Malaba walisema mama huyu hana machozi, kwamba alimzika mwanawe macho makavu kama mtu anayezika mbegu. Sasa alilia kwa sauti yake yote, akiliita jina la Ekwaro, ndani ya ngurumo ambamo hakuna mtu mwingine angeweza kulisikia. Mkono wa Odeke ukapunguza mafuta, kwa woga.

Ngumi ikampiga begani, juu gunia lisipofika.

Akaongeza tena.