Korobindo Wanaitika

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, msimamizi wa machimbo ya kokoto hupanda juu ya debe lililopinduliwa na kuita majina daftarini. Wapasua mawe huitika "Nipo!" na kwenda kushika nyundo. Aliyechelewa huitikiwa na mwenzake, kwa sababu jina la mwisho likishaitwa lango hufungwa. Msimamizi hajui sauti za watu. Anajua alama zake tu.

Siku ukuta wa mawe ulipoporomoka, mpasua mawe mmoja, aliyeitwa Dada, alikuwa nyumbani akimpepea mwanawe mwenye homa. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Kicheko, alimwitikia, kisha akakaa mahali pake chini ya ukuta ili pasionekane pengo. Ukuta ulimfunika yeye na wengine watano.

Kesho yake majina yakaitwa kama kawaida.

"Kicheko!"

"Nipo, na njaa yangu!"

Ndivyo alivyoitika siku zote. Safari hii sauti ilitoka kwenye mgunga ulio kando, kule vichakani. Hapo wanaishi korobindo, wale ndege wadogo wenye nyusi nyeupe, ambao hulishiana makinda lakini hulala kila mmoja na kiota chake. Jana yake walikuwa saba. Sasa walikuwa kumi na watatu. Wale watano nao waliitika walipoitwa, mmoja na kikohozi chake. Msimamizi akaweka alama sita.

"Ndio hao hao," alisema mama mmoja akikaza kilemba. "Hata vumbi wanatema."

Dada akamfuata msimamizi. "Tunaomba tingatinga, bosi. Tuwatoe, tuwazike."

"Tumtoe nani?" Akamfungulia daftari. "Mdogo wako yupo kazini, umemsikia mwenyewe. Au masikio umeyaacha nyumbani?"

"Yuko chini ya mawe."

"Nimzike mtu anayeitika? Nenda kapasue mawe, mama."

Zikapita siku tisa. Harufu ilipoanza, msimamizi alifunga leso puani akaendelea kuita. Wapasua mawe walikula mchana wakiwa wamekipa kifusi mgongo.

Siku ya kumi, jioni, Dada alisimama chini ya mgunga. Korobindo mmoja akashuka hadi tawi la chini, mabawa yamejaa vumbi la mawe.

"Mdogo wangu," Dada alisema, "kesho nyamaza. Mara moja tu. Wakikukosa, watakutafuta."

"Watanifungia lango."

"Wakufungie. Nitakaa na wewe nje."

Ndege akafikiri. Akamdonoa kidole taratibu, kama alivyokuwa akimfinya zamani walipolala kitanda kimoja. "Haya, dada."

Asubuhi msimamizi akapanda debe lake.

"Kicheko!"

Kimya. Dada alikodolea macho kalamu. Ilikuwa imesimama juu ya karatasi, haijagusa.

"Nipo, na njaa yangu!" akaitika korobindo wa tawi la juu, mmoja wa wale saba wa tangu zamani, kwa sauti nzito isiyofanana na ya Kicheko hata kidogo. Korobindo hawamwachi mwenzao. Msimamizi akaweka alama.

Kisha akaita jina la Dada. Kabla mwenyewe hajafumbua mdomo, korobindo wa mgungani walikuwa wameshamwitikia. Nyundo yake ilikuwa inamngoja, chini ya ukuta uliobaki.