Waya wa Kuzimia

Injini ya boti ya marehemu mume wangu ilikaa stoo tangu msiba. Binti yangu, kifungua mimba, ndiye aliyeitoa, maana amepata kazi ya kuvusha walimu ng'ambo ya bwawa. Sikubishana naye. Nilimwambia tu haingii majini mpaka niione inazimika.

Kuizima ndiyo ilikuwa shughuli. Kwenye gari, ukikata waya wa swichi, injini inakufa. Injini hizi za zamani za boti ni kinyume: waya wa kuzimia ukigusa chuma cha injini, plagi inakosa moto. Waya ukiwa umekatika, hata ung'oe swichi nzima, injini inaendelea. Baba yake aliukata makusudi. Swichi ilikuwa ikiingia maji, injini inamzimia katikati ya mawimbi, akaona dawa ni plaizi. Siku alipoanguka majini, boti ilimwacha. Tuliikuta kwenye matete, bado inanguruma.

Niliifunga kwenye pipa la maji uani. Nikaweka swichi mpya, nikaunga waya kwa risasi ya kuchomelea, nikaongeza kamba ya usalama: unaivaa mguuni, ukianguka inachomoka kwenye swichi, injini inazima. Nikajaribu. Ikazima. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, waya ulikuwa umekatwa.

"Umeugusa?"

"Mama, ndiyo kwanza natoka kuoga. Nina sabuni masikioni."

Nikaunga tena. Nikageuka kuchukua tepu, nikasikia plaizi ikibana. Kach. Waya ukaning'inia. Uani hapakuwa na mtu, na plaizi ilikuwa mkononi mwangu.

Nilivuta kigoda nikaketi mbele ya pipa.

"Baba watoto, swichi ni mpya, haiingii maji. Anayepanda sasa ni mwanao. Ukikata tena, ataachwa kama wewe."

Binti akachungulia dirishani. "Unaongea na nani?"

"Na baba yako."

"Anasemaje?"

"Lini aliwahi kunijibu?"

Akacheka, lakini dirisha alilifunga. Niliunga mara nyingine. Safari hii waya ukakaa.

Kesho yake tukaishusha bwawani. Binti akavaa kamba, akaivuta kujaribu, injini ikazima. Akawasha tena, akaondoka. Nilibaki ukingoni na bisibisi yangu.

Hakufika mbali akasimama wima kujifunga kilemba. Mguuni hamna kitu. Kamba alikuwa ameivua, ameiacha ikining'inia kwenye swichi, na boti inakwenda kasi.

Kabla sijafungua mdomo, injini ikazima.

"Mama," aliita. "Sijagusa chochote."

"Keti. Vaa kamba."

Akaketi. Akaivaa, akaikaza. Kisha akainua mikono yote miwili juu ili niione.

Injini ikawaka.