Ubao wa Magoti

Mara ya kwanza Aimée kufika kwenye atelye ya Katsuva, karakana yake ya useremala, alikuja kuomba miguu. Alisimama mlangoni, juu ya maranda, vumbi la unga wa muhogo bado limemkaa mikononi, akaeleza shida yake. Ndugu yake alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti wakati wa vita. Miguu ya plastiki waliyopewa na watu wa misaada ilikuwa imevunjika. Je, papa seremala angeweza kuchonga mingine ya mbao?

Katsuva alikuwa mtu wa Butembo, aliyehamia Bunia baada ya bunduki kunyamaza. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza.

"Sitakudanganya, mama," alisema. "Miguu sijatengeneza hata siku moja. Lakini nitakuja kumuona."

Alikwenda Jumapili baada ya misa. Olivier alikuwa katika chumba cha nyuma, amelala uso ukielekea ukutani, dirisha limezibwa kwa kipande cha turubai. Mabega yake yalikuwa bado mapana, mabega ya mtu aliyepiga kasia tangu utoto, kwa maana hao ndugu wawili walizaliwa Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, na baba yao alikuwa mvuvi. Vita iliwamaliza wengine wote wa nyumba ile. Aimée, aliye mkubwa, alimlea mdogo wake kwa kuuza unga. Kuna mwanaume aliyetaka kumwoa, ila hakumtaka Olivier, na jambo lile likaishia hapo.

"Miguu sitaki," Olivier alisema bila kugeuka. "Ile ingine nilianguka nayo hapa mu avenue, watoto wakacheka."

"Sasa nikutengenezee nini?"

Olivier aliuliza polepole: "Weye unajua kuchonga ubao ya mawimbi?"

Katsuva hakuelewa. Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Basi Olivier akageuka, akajiinua kwa mikono, akaanza kueleza. Kule Kasenyi, upepo ukivuma kutoka upande wa Uganda, mawimbi yanakuja makubwa. Watoto huchukua vipande vya mitumbwi iliyokufa, hulala juu yake kifudifudi, na wimbi huwabeba hadi mchangani. Yeye alichoka kulala. Alichonga mbao zake mwenyewe, fupi na pana, akawa anazipanda kwa kupiga magoti.

"Magoti ningali nayo," alisema, akayapiga kwa viganja.

Aimée alikuwa nyuma ya pazia na sufuria mkononi. Alikuwa amesahau kwamba sauti ya ndugu yake inaweza kupanda namna hiyo.

Ubao wa kwanza Katsuva aliuchonga kwa libuyu, mti mwekundu aliouzoea kwa milango. Waliujaribu katika mto Shari. Ulizama pua kwanza. Olivier aliwaambia watafute parasolie, mti mwepesi unaoota haraka pale msitu ulipokatwa, ambao hakuna seremala anayeuheshimu kwa sababu ukucha tu unauumiza. Katsuva aliuliza hapa na pale mpaka akapata magogo kwa watu wanaoleta makaa kutoka upande wa Mambasa. Aliyapasua, akayakausha kivulini, akaunganisha mbao tatu kwa gundi. Olivier alikaa juu ya maranda na kuongoza kila pigo la randa. Pua iinuke kidogo. Tumbo la chini liingie ndani, kama sahani. Kingo za nyuma zibaki kali.

Katsuva alitaka kupigilia kibao cha kusimama chini, nyuma, ili ubao usiyumbe, kama alivyoona kwenye picha za boti.

"Hapana, papa Katsuva. Ukitia mukia, itashikwa na muchanga, na mimi nitaruka mbele kama mufuko ya fufu. Acha iteleze. Mimi njo nitaishika na kingo."

Lakini tatizo lilikuwa moja. Mtu mwenye miguu hujizuia kwa vidole vya nyuma, na Olivier hakuwa na vidole. Katsuva aliwaza, halafu akachimba mashimo mawili katika ubao, ya kina cha nusu kiganja, akayalainisha, akamwambia aingize magoti na kile kilichobaki chini yake. Yalimkaa kama kikombe kinavyokaa kwenye kisahani. Olivier alicheka. Alitikisa kiuno kulia na kushoto, na ubao mzima ukamfuata.

"Unaona, yaya?" alimwambia Aimée, dada yake mkubwa. "Unaona?"

Walishuka Kasenyi na gari la wachuuzi wa samaki. Pale barabarani, wakati Katsuva anampandisha Olivier juu ya mifuko, mwenye pikipiki mmoja alipita polepole, kofia ya bluu kichwani, akawasalimia watu wote kwa mkono. Olivier alijifunika uso kwa turubai ya mzigo. Hakuiondoa mpaka gari lilipoanza kuteremka milimani.

"Unamujua ule mutu ya pikipiki?" Katsuva aliuliza.

"Yeye njo alinipiga masasi ya bunduki mu miguu."

Katsuva alimtazama Aimée. "Na anapita kule mu quartier, ku nyumba yenu?"

"Kila asubui," Aimée alijibu. "Anapeleka watoto ku masomo."

"Na hamusemi?"

"Tuseme kwa nani, papa Katsuva? Vita imeisha."

Chini kule ziwa lilianza kuonekana, jeupe kwa jua, na Olivier akashika kingo za ubao wake.

Wanawake waliokuwa wanapasua samaki ufukweni waliacha visu walipomwona seremala akiingia majini na viatu vyake, amembeba mtu mgongoni. Mmoja akacheka. Mawimbi matatu ya kwanza yalimtupa Olivier na kumviringisha, na Aimée akapiga kelele kwamba inatosha, wamtoe. Olivier alitema maji, akageuza ubao, akapiga makasia kwa mikono kuelekea kule mawimbi yanakoanzia.

Kisha likaja wimbi moja. Aliligeuzia mgongo, akapiga maji mara chache, akainuka juu ya magoti. Ubao uliteleza upande, ukaelekea kugeuka kinyumenyume, naye akaegemea kidogo tu, bega likagusa ukuta wa maji, ukingo wa ubao ukauma maji. Akaja kwa mstari mmoja mrefu, haraka kuliko pikipiki, mikono imefunguka. Juu ya ziwa hakuna aliyeweza kujua kama chini ya magoti yale kuna kitu au hakuna. Alifika mchangani, akaanguka ubavu, akabaki pale anahema. Wale wanawake walikuwa wamesogea karibu. Mmoja wao, mzee, alimtambua, akaita jina la baba yake mvuvi.

Usiku ule, waliporudi Bunia, Olivier alikula sahani mbili. Asubuhi yake alitoa turubai dirishani.

Waliendelea kushuka kila gari lilipopata nafasi. Aimée aliacha wateja wake kwa jirani, Katsuva aliacha milango ya watu ikingoja. Olivier alianza kusema mambo ya kesho. Alisema watakwenda Tchomia, kule upepo ni mzuri zaidi. Alisema atafundisha wengine. Baadaye akaanza kwenda hata pasipo Aimée, na alikuwa anaoga mwenyewe, mlango umefungwa, na Aimée alimshukuru Mungu kwa hilo.

Nyumba ilianza kunuka. Aimée alidhani ni harufu ya samaki.

Siku aliyoingia ghafla na ndoo ya maji, alimkuta ndugu yake anafungua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kutoka mguu wa kulia. Chini ya goti, pale palipokuwa panasuguana na shimo la ubao, hapakuwa na ngozi tena. Palikuwa peusi pembeni na kijani katikati. Mchanga ulikuwa bado ndani.

"Tangu lini?" aliuliza.

Olivier alivuta blanketi juu ya mguu.

"Olivier! Tangu lini?"

"Ningekuambia, ungenikataza."

Hospitalini daktari alitazama, akanusa, akamwita Aimée kando. Sumu imepanda. Lazima wakate juu ya goti, leo, la sivyo watampoteza. Wa kushoto una kidonda pia, ila huo unaweza kupona. Aimée alirudi kitandani, na Olivier alikuwa amekwisha kusoma usoni mwake. Alimshika kitenge kwa mikono yote miwili.

"Yaya, usikubali. Niachieni goti. Nakuomba. Kama ni kufa, nife nayo."

"Nyamaza, mwana wa mama."

"Usikubali, yaya! Weye uliniona! Uliniona kule!"

Alikuwa amemwona, na kwa sababu hiyo hakuweza kumtazama alipogeuka kwa daktari na kusema ndiyo. Walimpeleka huku akimwita. Aliendelea kumwita mpaka dawa ilipomshika.

Alipona. Daktari alisema ana mwili wenye nguvu. Walimrudisha nyumbani na kumlaza katika chumba cha nyuma, na siku ya pili Olivier akaomba turubai irudishwe dirishani. Hakumlaumu dada yake. Alipokea chakula, akasema asante, akarudisha sahani kama ilivyokuja.

Katsuva ndiye aliyejilaumu. Mashimo yale aliyachimba yeye. Hakutia kitu laini ndani, kwa kuwa sponji hunyonya maji, na hakufikiri juu ya ngozi ya mtu. Alijifungia katika atelye, akachonga ubao mwingine, mrefu, wa parasolie ileile, bila shimo lolote, uso wake laini kama kiganja cha mtoto mchanga. Aliubeba kichwani hadi kwa Aimée, akausimamisha ukutani mbele ya kitanda.

"Hii ni ya kulala," alisema. "Unalala tumbo, unashika hapa mbele. Haitaki goti. Uliniambia watoto wote wa Kasenyi wanapanda hivi."

Olivier aliutazama kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, akakuta ni mkali pale unapotakiwa kuwa mkali.

"Umejua kazi, papa Katsuva."

"Basi tutashuka. Nitakubeba tena."

"Hapana." Alirudisha mkono chini ya blanketi. "Kulala, nalala hapa."

"Olivier…"

"Peleka. Nakuomba, usinikasirikie. Peleka."

Seremala alibaki amesimama, mikono yake mikubwa haina la kufanya. Kisha akainua ubao, akatoka nao. Alirudi kuwasalimia mara mbili tatu, na kila mara Olivier alijifanya amelala. Baadaye hakurudi tena. Watu walisema amehamia Mongbwalu, kule wachimba dhahabu wanahitaji majeneza na milango.

Siku aliyosikia hayo, Aimée alishindwa kujizuia. Alisimama kando ya kitanda cha ndugu yake, akasema yote: miaka yake, mwanaume aliyemwacha aende, maji aliyoteka, na yule mtu mwema waliyemfukuza. Alisema ana haki ya kumwona anainuka kitandani. Alipiga kelele mpaka koo likauma.

Olivier alimsikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi.

"Yaya, miaka ile yote nilikuwa nalala, nilikuwa najua kuna ziwa. Nilikuwa nasema, siku moja. Sasa nimeenda. Nimeimaliza ile siku."

Aimée alisimama pale, mikono kiunoni. Kisha akatoka uani, akaketi kwenye kigoda mbele ya beseni la bendeji alizokuwa ameloweka tangu asubuhi. Maji yalikuwa yamepoa. Jirani yake alimwita kutoka upande wa pili wa ua, akamuuliza kama leo haendi sokoni. Aliita tena. Aimée alimsikia vizuri, akazamisha mikono katika maji, akaanza kufua bendeji.