Namba ya Mguu wa Sihaba

Mwaka tisini na nne tuliletewa vitabu vipya, kila ugonjwa na kila upasuaji na namba yake. Mimi, Muhidini, karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ndogo njia ya Kibiti, nilizikariri zote kwa wiki mbili. Nilijiona ndiye mimi, sifichi. Mtu akiniambia anaumwa tumbo, namjibu kwa namba.

Sihaba aliletwa kutoka kijiji cha jirani, mguu wa kulia umepauka na umekuwa baridi kama samaki. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa na haipiti tena. Orodha ya upasuaji ya asubuhi ile iliandikwa: kukata mguu. Nami, ili nimalize kazi mapema, nikaingiza namba yake, 27, kwenye daftari la wagonjwa kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Saa nne mumewe, Twalibu, akaja dirishani.

"Bwana karani, mke wangu yu hali gani?"

Nilifungua daftari. "Mguu umekatwa. Ishirini na saba."

Hakulia. "Basi, maji yamekwisha kumwagika," alisema, akauliza atakabidhiwa mguu saa ngapi. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Kinafungwa sanda na kuzikwa. Nikamwambia aje baada ya adhuhuri.

Kumbe daktari bingwa aliyetutembelea kutoka Dar alikuwa ameupapasa ule mguu, akasema usikatwe kwanza. Alipasua kidogo kwenye kinena, akapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, akalivuta bonge la damu. Mguu ukaanza kupata joto. Hakuna aliyekuja kuniambia, na mimi sikuuliza.

Twalibu alirudi na kipande cha sanda, yeye na kaka yake, magoti yamejaa udongo. Kaburi dogo lilikuwa tayari. Nesi akawapeleka wodini, na nikiwa ofisini nilimsikia Twalibu; sasa ndipo alipolia. Kisha akanirudia.

"Upo," akasema. "Nimeushika mwenyewe, una joto."

"Alhamdulillahi," nikajibu. Nilitamani dirisha lijifunge lenyewe.

"Alhamdulillahi. Lakini kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, bwana karani. Umelichimbisha wewe, kalitie kitu wewe."

Nilikata shina la mgomba, nikalifunga sanda ile, nikalizika mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyecheka, nami ningefurahi wangecheka.

Niliporudi nilitafuta namba ya kutoa damu iliyoganda mshipani. Kitabu kizima hakikuwa nayo. Nikafuta 27 daftarini, nikaandika kwa maneno: bonge la damu limetolewa, mguu upo. Mwisho wa mwezi fomu niliyopeleka wilayani ilirudishwa, wanataka namba. Niliwapelekea vilevile.

Lakini kabla ya hapo, wiki ya pili, Sihaba alikuja kutolewa nyuzi. Alisimama dirishani pangu bila mkongojo, akavua ndala ya kulia.

"Shikamoo, bwana karani," alisema. "Uliyemzika kaja kukusalimia."