Siagi ya Kuazima

Uzio uliisha kuchomwa jikoni siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi Anarkul aliingia kwenye banda la kondoo, ambalo lilikuwa halijaona kondoo kwa miaka sita, akaanza kung'oa mbao za hori. Misumari ilikuwa imeshikwa na barafu. Alipiga shoka mara tano, akapata ubao mmoja. Akapiga tena mara tano, akapata nusu. Kwa mwanamke wa miaka sabini na minne hiyo haikuwa kazi mbaya, akaubeba ubao na nusu yake hadi ndani.

Ndani palikuwa na nafuu kidogo tu kuliko nje. Barafu ilikuwa imeota upande wa ndani wa dirisha, unene wa kidole, na maji ya kwenye ndoo yalibidi yavunjwe kwa kata ndipo yachotwe. Nurzada, mjukuu wake wa miaka minne, alikuwa amelala na kofia kichwani, chini ya mablanketi matatu na koti la marehemu babu yake. Kifua kilimkoroma. Wiki iliyopita daktari wa wilaya alikisikiliza kifua hicho, akasema mtoto akae kwenye chumba chenye joto, la sivyo mapafu hayatafika Machi. Joto hilo linapatikana wapi hakusema, na foleni ilikuwa ndefu.

Mama yake Nurzada alikuwa akiosha vyombo kwenye mkahawa mmoja huko Moscow. Tangu Oktoba tajiri wake alikuwa amemshikia pasipoti, na simu yake ikawa haipatikani tena. Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili, bibi na mjukuu, na jiko la chuma lililokula kuliko wote wawili.

Gulsun, jirani wa ng'ambo ya ukuta, aliingia bila kupiga hodi. Alileta habari: serikali imetoa makaa ya mawe, tani mbili kwa kila kaya maskini ya kijiji chao cha Tash-Kapka, na kesho tume inapita kuangalia nani maskini na nani anajifanya. Gulsun mwenyewe hakuwa na haja ya kukaguliwa. Mume wake alivunjwa uti wa mgongo na mwamba katika mgodi uleule yalikotoka makaa hayo, na cheti chake cha ulemavu kilitosha kuwaweka kwenye orodha.

"Wanakuja wangapi?" Anarkul aliuliza.

"Watatu. Na Sharshenaly mwenyewe yumo."

Sharshenaly alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Anarkul alikaa kitako juu ya ubao wake.

"Shoga, mimi nina mkate na chai tu. Hata siagi sina."

"Siagi ninayo."

Kwetu mgeni haingii akatoka bila kuonja kitu, hata awe amekuja kukufunga. Basi wanawake hao wawili hawakujadiliana kama wageni wapewe chakula; walijadiliana watapewa nini. Gulsun alileta siagi, chupa ya jemu ya aprikoti, konzi ya peremende, na kipande cha nyama ya farasi alichokuwa akikitunza kwa ajili ya supu ya mume wake. Akaleta na nusu ndoo ya makaa, kwa sababu kumkalisha mgeni kwenye baridi ni aibu kubwa kuliko kumlaza njaa. Anarkul alichanganya makaa hayo na yale ya mwisho aliyokuwa akiyaficha kwa ajili ya usiku mbaya zaidi. Alhamisi, tangu alfajiri, alilisha jiko mpaka bomba likawa jekundu.

Tume ilifika saa nne. Sharshenaly alivua koti, kisha akavua na sweta. Pamoja naye alikuwa Elnura, karani, msichana mwembamba mwenye mafaili, na bwana mmoja wa wilayani aliyevaa kofia ya manyoya na hakujitambulisha. Walikula. Sharshenaly alipaka siagi kwenye mkate mpaka mkate wenyewe usionekane, akaisifia nyama, akaongezwa. Nurzada, kwa kuwa chumba kilikuwa na joto kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, alitoka chini ya mablanketi na kuwaimbia wageni wimbo mzima bila kukohoa. Bwana wa wilayani alifurahi sana. Alimpa mtoto peremende, aliyoichukua palepale kwenye chakula.

"Nyumba yako ina baraka, Bibi," Sharshenaly alisema akijipangusa mdomo.

Elnura aliuliza vyumba vingapi, mifugo mingapi, akaandika. Kila alipoandika aliinamisha kichwa zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wageni walipoondoka, Anarkul aliosha vikombe akiwa na moyo mweupe kabisa, maana hakuwa ameaibika.

Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Anarkul aliisoma mara mbili kutoka juu hadi chini, na mara moja kutoka chini hadi juu. Jina lake halikuwapo. Jina la tatu lilikuwa la shemeji yake Sharshenaly, mwenye bafu la mvuke kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori hulipa kuoga.

Elnura alimvutia pembeni ya korido na kumwonyesha fomu bila kumtazama usoni. Iliandikwa: nyumba ina joto la kutosha, chakula kinatosha, siagi, nyama, jemu, vitu vitamu, mtoto ana afya, anaimba. Hastahili.

"Nisamehe, Bibi," msichana alisema. "Niliambiwa niandike nilichokiona."

Anarkul aliingia kwa mwenyekiti bila kuitwa. Sharshenaly aliinuka, akampa kiti, akamimina chai. Adabu alikuwa nayo, hilo lazima lisemwe.

"Bibi, mimi mwenyewe nilivua koti kwako. Nikavua na sweta. Ulitaka tuandike nini?"

"Makaa yale yalikuwa ya mwisho. Mengine niliazima. Siagi niliazima, nyama niliazima."

"Kwa nini sasa?"

Swali lilimduwaza. Alimjua mama yake huyu mwanamume. Walikamua maziwa pamoja ujanani. "Kwa sababu mlikuwa wageni," alisema.

"Tulikuwa tume." Alilitamka kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Ona sasa unavyojitia matatani. Nikiandika kwamba vitu vilikuwa vya kuazima, itanibidi niandike pia kwamba uliidanganya tume ya serikali. Hilo lina kesi yake. Mimi hapa nakusitiri."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji yangu hakutupa hata chai. Tulikuta jiko limezimwa, watoto wamevaa makoti ndani. Tume huandika inachokiona, Bibi."

Kisha akasogeza kiti karibu, akabadilisha sauti. Ijumaa makaa yanagawiwa rasmi, mkubwa mmoja wa mkoa anakuja na watu wa televisheni, na panahitajika mzee wa kutoa dua. Mzee aliyezoea kazi hiyo amechukuliwa na wanawe mjini. Sasa mkubwa kuliko wote pale kijijini ni yeye Anarkul. Avae kitambaa cheupe, aseme maneno mazuri, na yakibaki makaa ya kukwangua kwenye lori, wataona.

Anarkul aliinywa ile chai mpaka mwisho, kwa sababu ilikuwa ya moto. Alitoka nje akiwa amemchukia Sharshenaly kwa chuki ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mtu, hata kwa mkwewe aliyemtelekeza bintiye. Alichukia mikono yake safi, alichukia ule upole wake. Zaidi ya yote alijichukia mwenyewe, maana alikumbuka jinsi alivyomwongeza nyama.

Siku nne zile alichoma hori lililobaki, kisha sanduku lake la harusi, kisha mlango wa banda. Nurzada aliacha kuimba, halafu akaacha kulalamika. Alhamisi alikataa hata mkate uliolowekwa kwenye chai. Anarkul alilala naye kifuani, akimsikiliza, na katika kila mkoromo alilitafuta neno moja la kusema Ijumaa, akalipanga, akalibadilisha na lingine kali zaidi.

Ijumaa kulikuwa na jua na baridi ya kukata masikio. Malori matano yalisimama mbele ya shule. La sita lilikuwa limeshapita moja kwa moja kuelekea barabara kuu, na kila mtu alililiona likikata kona kwenye bafu la shemeji, na kila mtu aligeuka kutazama upande mwingine. Mkubwa wa mkoa alihutubia. Sharshenaly alihutubia. Kijana wa kamera alimwomba Anarkul asimame mbele ya rundo la makaa, ili kitambaa chake cheupe kionekane vizuri.

"Sasa mama yetu atatuombea," Sharshenaly alitangaza.

Kwetu dua ya kheri huombwa kwa viganja vilivyotazama juu. Watu wote waliinua viganja vyao, mkubwa wa mkoa naye akavua glavu. Ipo dua nyingine, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini, na wengi wamezeeka bila kuishuhudia. Anarkul aliinua mikono yake, akaigeuza, viganja vikatazama chini na migongo ya mikono ikatazama mbinguni.

Mama mmoja aliguna.

"Anayeota moto wa maskini," Anarkul alisema, "nyumba yake ipoe. Moshi usionekane juu ya paa lake. Jiko lake lizimike, na walio chini ya paa hilo wasiione Machi."

Kisha Gulsun, aliyesimama katikati ya watu, akageuza mikono yake. Akafuata kikongwe mmoja wa upande wa juu wa kijiji, halafu wengine wawili, halafu safu nzima ya wanawake. Walisema amina kwa pamoja, si kwa kelele. Anarkul aliutazama uso wa Sharshenaly ukipauka, na utamu alioupata moyoni hakutaka kuugawana na mtu. Sharshenaly alicheka, akasema uzee ni ugonjwa, akamwambia kijana wa kamera afute.

Lakini mambo kama hayo hayafutiki. Mwenyekiti alikuwa amesoma chuo, na mbele za watu hakuamini. Mke wake ndiye aliyeamini. Mkaza mwana wao alikuwa na mimba ya miezi minane. Jumamosi mke alikataa kuwasha jiko, akasema hawezi kuwasha jiko lililolaaniwa, na alikaa jikoni amejifunika shali mpaka jioni.

Jumapili mchana Sharshenaly alisimama mlangoni kwa Anarkul. Nyuma yake palikuwa na kigari cha theluji chenye magunia manne ya makaa.

"Nimekuja, Bibi," alisema. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

Anarkul hakumwambia karibu, wala hakumwonyesha pa kukaa. Lakini Nurzada alikuwa na midomo ya bluu tangu asubuhi. Bibi alisogea kidogo mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea jiko. Mwenyekiti wa kijiji akayabeba magunia mgongoni, moja baada ya jingine, akalifungua la kwanza, akapiga magoti, akawasha moto. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Anarkul alisimama juu yake na hakumsaidia. Alitamani kijiji kizima kingekuwa dirishani.

Makaa yalishika. Chuma kilianza kulia, barafu ya dirishani ikaanza kutiririka. Rangi ilirudi taratibu usoni mwa Nurzada, naye akavuta pumzi moja ndefu ambayo haikukwama. Anarkul aliongeza makaa mwenyewe, kwa mikono mitupu, mara mbili.

Alipoukunja mdomo wa gunia lililofunguliwa ndipo alipoona karatasi iliyofungwa hapo kwa waya. Alisoma polepole. Halafu akasoma kwenye gunia la pili, na la tatu. Yote yaliandikwa jina la mume wa Gulsun.

"Haya ni ya Gulsun," alisema.

"Gulsun yupo kwenye orodha. Yake yatakuja na lori lijalo."

"Lini?"

"Likija." Sharshenaly alijipangusa masizi kwenye magoti. "Yeye naye aligeuza mikono, Bibi. Nilimwona. Huwezi kumtukana mwenye ghala kisha ukadai uchotewe."

Anarkul alitazama kupitia sehemu ya kioo iliyokwisha kuyeyuka. Juu ya paa la Gulsun hapakuwa na moshi.

Sharshenaly alisogea katikati ya chumba. Safari hii hakuonekana kuogopa, wala hakuonekana kuwa na haraka. Aliinua viganja vyake, vikatazama juu, kama mtoto mwenye adabu anayengoja kuombewa.

"Ulisema anayeota moto wa maskini," alisema. "Mimi nimeukumbuka kila mstari. Sasa tuko wote humo, mimi na wewe. Iondoe, Bibi. Kwa ajili ya nyumba zote mbili."

Mikono ya Anarkul ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo. Ilikuwa imening'inia ubavuni, na hakujua aiinue vipi. Nyuma yake Nurzada alijifunua mablanketi, akavua kofia, akashuka kitandani. Alisogea hadi mbele ya jiko, akanyoosha viganja vyake kwenye moto.